Chunusi Zikiisha kwa Siku Tatu, Ogopa

Nianze na jambo ambalo wauza krimu hawatalipenda: dawa ya chunusi inayofanya kazi kwa siku tatu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Ile isiyofanya kazi inakula pesa yako tu, unaitupa, maisha yanaendelea. Inayofanya kazi haraka ndiyo inayorudi baadaye kudai deni.

Nasema hivi nikiwa na miaka 23, mzazi ambaye sijazaa. Mamangu yuko Uarabuni anafanya kazi za nyumbani tangu 2021. Baba alitangulia mbele ya haki kabla ya hapo. Sisi tuko Bodo na nyanya. Mdogo wangu ana miaka 15, yuko shule ya sekondari. Shule ikiita mzazi, naenda mimi. Pedi, viatu, nauli, karatasi ya matokeo, vyote vinakuja kwangu. Basi na chunusi zikaja kwangu.

Kwa wasiopajua, Bodo ni kijiji cha wavuvi huku kusini mwa Kwale. Unapita Msambweni, unaacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kuchukua boda mpaka kwenye mikoko, na ng'ambo unaiona Funzi. Watoto wa pwani neno chunusi tunalijua kwa maana mbili. Ya kwanza tunayofundishwa si ya usoni. Ni lile jini la majini linalomvuta mtu mguu anapoogelea, linamzamisha. Wazee wakituonya hawakuwa wakisema tusiingie majini kabisa. Walisema usiende peke yako. Mimi naona hata hizi za usoni wosia ni huo huo. Mtoto akiachwa nazo peke yake, kuna kitu kitamvuta.

Na mara nyingi anaachwa peke yake huku watu wamejaa nyumbani.

Hebu tukumbushane tunayoambiwa. "Huyu hanawi uso." "Ameanza mambo ya wavulana." "Anataka kuolewa huyo, mtafutieni mume." "Acha chokoleti." Mgeni akiingia, kabla hajakaa kwenye mkeka: "Mbona uso umekuwa hivyo?" Kama vile mwenyewe hajui. Kama vile nyumbani hakuna kioo. Mdogo wangu amewahi kuniambia kwamba kwa siku moja, toka asubuhi mpaka magharibi, alihesabu watu saba waliomwambia kuhusu uso wake. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza ameshindaje.

Tuanze na hilo la kunawa, kwa sababu linaniudhi. Mtoto anayeswali sala tano anatia udhu, na kila udhu uso unaoshwa mara tatu. Piga hesabu mwenyewe. Kuna mtu hapa Bodo anayeosha uso kuliko yeye? Chunusi zingekuwa uchafu, misikiti ingekuwa imezimaliza zamani.

Ukweli wake ni huu. Mwili ukifika balehe, homoni zinaziambia tezi za ngozi zitoe mafuta zaidi. Hayo mafuta yanakutana na ngozi iliyokufa, yanaziba kile kitundu cha unywele. Ndani ya tundu lililoziba kuna bakteria ambao siku zote wanaishi kwenye ngozi zetu, sasa wamepata nyumba na chakula. Mwili unastuka, unaanza kupigana nao. Pale ndipo unaona wekundu, uvimbe, usaha. Yote hayo yanatokea ndani. Ndiyo maana ukisugua na dodoki, na sabuni ya kufulia, na mchanga kama wengine wanavyofanya, unaumiza mlango wakati ugomvi uko chumbani.

Na si ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Takwimu inayotajwa sana na madaktari wa ngozi ni kwamba kati ya vijana 100 wa miaka 12 hadi 24, karibu 85 watazipata kwa kiasi fulani. Kwa hivyo darasa la watoto 40 ukitafuta wasiozipata, ndio wachache. Mtoto wako si wa ajabu. Wa ajabu ni yule jirani yako mwenye uso wa kioo tangu azaliwe, na yeye mwache apumzike.

Kuna jambo moja ambalo nikilisema watu wananitazama kama nimewadanganya: chunusi unayoiona leo haikuanza leo. Kile kitundu kilianza kuziba wiki kadhaa nyuma, kimya kimya, kabla hujaona kitu kwenye kioo. Maana yake dawa ya kweli haiwezi kukupa uso mpya Ijumaa ikiwa umeanza Jumanne. Dawa ya kweli inazuia zile ambazo zingetoka mwezi ujao. Ndiyo maana madaktari wanasema ungoje wiki 6 hadi 8 uanze kuona tofauti, na wiki 12 au zaidi ndipo uamue kama dawa inakufaa au la.

Wiki 12 ni muhula mzima wa shule. Mwambie mtoto wa miaka 15 asubiri muhula mzima, huku kila siku simu yake inamwonyesha mtu aliyemaliza chunusi "ndani ya siku tatu tu, bei poa, tunafanya delivari". Nani atashinda hapo?

Alishinda muuzaji, kama mnavyotarajia. Mdogo wangu na wenzake watatu shuleni walichanga, wakamtuma mtu duka moja la vipodozi huko Ukunda. Kikopo kidogo cheupe, kifuniko cha waridi, hakina jina, hakina tarehe, hakina chochote. Shilingi 150. Aliyeuza alisema ni mchanganyiko wake mwenyewe. Wakagawana kwa kijiko.

Siku ya tatu uso uling'aa. Sitii chumvi. Zile zilizovimba zililala, wekundu ukapotea, rangi ikafunguka kidogo. Nyanya akasema mashallah. Majirani wale wale wa "mbona uso umekuwa hivyo" wakaanza kuuliza anapaka nini. Nami nikamuuliza. Akaniambia ni maji ya waridi. Na mtoto anayesifiwa kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, kweli atakutajia kikopo chake?

Baada ya wiki sita hivi kikopo kikaisha, na duka likawa halina kingine. Hapo ndipo deni lilipodaiwa. Ndani ya siku nne uso ulifumuka kuliko ulivyokuwa mwanzo. Vipele vidogo vidogo vya aina moja, vimejipanga kuzunguka mdomo na kidevu kama vimepandwa. Ngozi nyekundu, nyembamba, inawaka hata akipigwa na jua la saa mbili asubuhi. Maji ya udhu yalikuwa yanamchoma. Alianza kulala na leso usoni. Akaacha kwenda madrasa. Na mamangu akipiga simu ya video, yeye anazima kamera, anasema mtandao wa Bodo mbaya.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Mamangu kule hana likizo ya kuja kuona watoto wake. Ile kamera ndiyo nyumba yake. Kwa miezi miwili hakuuona uso wa kitinda mimba wake, na alidhani amekasirikiwa kwa kuondoka. Kwa hivyo mtu akiniambia chunusi ni jambo dogo, la urembo, la watoto wa siku hizi, mimi namwacha amalize, halafu namsimulia habari hii.

Nilimpeleka hospitalini. Tabibu alimtazama, hakumgusa kwanza, akamuuliza swali moja tu: "Ulipopaka, zilipotea haraka sana?" Mdogo wangu akaitika kwa kichwa. "Na ulipoacha zikarudi na jamaa zake?" Akaitika tena, akaanza kulia. Tabibu akasema, "Basi ulipaka steroidi, mwanangu. Wewe si wa kwanza wiki hii."

Sasa tuelewane hapa, maana ndipo penyewe. Steroidi ni dawa halali. Kuna magonjwa ya ngozi ambayo bila hiyo mtu hawezi kulala, na daktari akikuandikia, anakuandikia kwa siku zake na kwa mahali pake. Kazi yake ni kuuambia mwili uache kupigana. Ukiipaka kwenye chunusi, mwili unatii. Uvimbe unashuka, wekundu unapotea, na ngozi inapauka kiasi kwamba watu wanaona umetakata. Lakini kitundu bado kimeziba, na bakteria bado wamo. Ni sawa na mwizi ameingia uani, mbwa anabweka, wewe ukamfunga mbwa mdomo ukarudi kulala. Kelele zimeisha kweli. Mwizi je?

Ukiendelea wiki baada ya wiki, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, vinyweleo vinaota pasipotakiwa, na steroidi yenyewe inaanza kuleta vipele vyake. Ukiacha ghafla, vinaripuka. Ukiripukiwa unafanya nini? Unakimbilia kikopo kingine. Mteja wa maisha amepatikana kwa shilingi 150.

Na steroidi mara nyingi haiko peke yake kwenye hiyo mikorogo. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikipakwa muda mrefu bila daktari inaweza kuigeuza ngozi iwe nyeusi-bluu, madoa ya kudumu. Hilo si jipya: madaktari wa Afrika Kusini waliliandika tangu 1975, walipoona wanawake waliotaka weupe wakiishia na mabaka ambayo hayatoki. Kuna zebaki, ambayo inapita kwenye ngozi na kwenda kuumiza figo. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, ule wa Minamata wa 2013, unazuia hata vipodozi vyenye zebaki. Kenya pia vipodozi vya namna hii ni marufuku. Lakini marufuku iko kwenye karatasi, na kikopo kisicho na jina hakisomi karatasi.

Angalieni mtego ulivyo. Mtoto wangu hakwenda kununua weupe. Hakuwahi kusema anataka kuwa mweupe. Alikwenda kununua amani, watu wamwache, na mlango aliofunguliwa ukawa ule ule wa mkorogo. Nyumba nyingi zinakataza mkorogo kwa nguvu zote, mahubiri na vipindi vya redio juu, halafu zinamsukuma mtoto kwenye mkorogo kwa maneno ya kila asubuhi.

Turudi kwa uso wake. Tabibu hakumpa muujiza. Wiki za mwanzo alimpa vidonge vya kutuliza uvimbe, akamwambia usoni asipake kitu chochote isipokuwa maji, sabuni laini isiyo na manukato, na losheni nyepesi ya maji. Alituambia wazi kwamba kabla haijawa nafuu itakuwa mbaya, na tusitishike. Ngozi ilipotulia ndipo akaanzishiwa jeli ya benzoili peroksaidi, ile ya nguvu ndogo, kidogo tu, usiku kwa kuruka siku. Tyubu moja karibu shilingi 800. Nilimeza mate, lakini nikapiga hesabu: tyubu ile ilitosha miezi miwili.

Siri moja ya hiyo jeli ambayo mtu akuambie mapema: inachuja rangi za nguo. Sisi mfamasia alituambia, kwa hivyo mdogo wangu analalia foronya nyeupe na anafunga kitambaa cheupe. Ukilalia leso ya nyanya ya Eid, utajua hujui.

Nyanya naye alikuwa na dawa yake, na hapa nataka niwe na adabu. Alisaga liwa kwenye jiwe, akaitia marashi, akampaka usiku ule tuliotoka hospitalini. Nilimpigia tabibu kumuuliza, akasema tusubiri ngozi ipone kwanza, manukato yanaweza kuichoma. Nyanya hakukasirika. Alisema, "Basi nitampaka miguuni." Na kweli, wiki nzima alikuwa akimpaka liwa miguuni, wanapiga hadithi. Chunusi haziko miguuni, lakini mtoto alikuwa analala vizuri. Nilijifunza kwamba si lazima ugombane na wazee ili umlinde mtoto. Wape sehemu yao.

Lakini vingine vya nyumbani tuviseme bila kuogopana. Limau usoni, halafu ukatoka kwenye jua letu hili la pwani, linaunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Dawa ya meno ni ya meno. Mafuta ya nazi, ambayo tunayapenda mpaka kwenye damu, usoni kwa mtu mwenye chunusi yanaweza kuziba vitundu zaidi. Hata yakiwa ya kichwani yanateremka kwenye paji. Madaktari wa Marekani waliliandika hilo mwaka 1970: watu weusi waliokuwa wakipaka nywele mafuta mazito walikuwa wanatokwa na chunusi zilizojipanga kwenye paji la uso, pale pale nywele zinapoanzia. Kwa hivyo kama ni nazi, ipake nchani mwa nywele, na ushungi wa ndani uwe wa pamba na ufuliwe mara kwa mara, maana jasho na msuguano navyo vinachokoza ngozi. Sabuni za mwani wanazotengeneza akina mama wa Kibuyuni mimi nazipenda na naogea. Lakini sabuni ni sabuni. Hata nzuri vipi, usiipe kazi ya dawa.

Chakula? Mtu asikunyime mchuzi wa samaki. Kuna ushahidi kiasi kwamba vyakula vya sukari nyingi na maziwa vinaweza kuzidisha kwa baadhi ya watu, basi kupunguza soda na maandazi ya kila saa haidhuru. Lakini kumfanya mtoto aone kwamba kila kipele ni adhabu ya kitu alichokula, hapana. Tayari anajilaumu vya kutosha.

Sasa, mzazi anafanya nini hasa? Mama, baba, dada mkubwa, mjomba, yeyote anayeitwa shuleni. Mimi naona kazi yake kubwa si kutafuta dawa. Dawa famasi zinazo, na maelekezo yameandikwa. Kazi yake ni kushika saa. Mtoto hana subira ya wiki 12, wewe unayo. Sisi tulipiga picha moja ya uso kila Ijumaa baada ya sala, mwangaza wa dirisha lile lile, bila filta, na tukakubaliana kwamba siku nyingine zote uso haujadiliwi ndani ya nyumba. Haukaguliwi asubuhi. Hausifiwi wala hausikitikiwi. Wiki ya tatu alilia, akasema hakuna kinachobadilika. Wiki ya tano nilimwekea picha mbili bega kwa bega, akanyamaza muda mrefu. Wiki ya tisa alizitafuta picha mwenyewe.

Kazi ya pili ni kuzuia midomo. Hii ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu midomo mingine ni ya watu wazima unaowaamkia shikamoo. Mimi nilitumia njia ya upole: mgeni akianza tu na uso, namkatiza, "Auntie, huyu juzi amekuwa wa pili Kemia, hujaambiwa?" Wengi wanashtuka, wanapongeza, habari ya uso inakufa. Wasiokufa nayo, mtoto anatumwa dukani.

Kazi ya tatu ni kujua lini si ya nyumbani. Kama zile chunusi ni mabonge makubwa yenye maumivu chini ya ngozi, kama zinaacha mashimo, kama dawa ya famasi imepewa wiki zake 12 na hakuna kitu, au kama mtoto ameacha kutoka, ameacha kula, anazungumza kama mtu aliyekata tamaa, nenda hospitalini. Ziko dawa zenye nguvu zaidi, na nyingine, kama isotretinoini, zina masharti makali kabisa, kwa sababu zinaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Hizo hazinunuliwi kwa kutumiana namba. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, ni kweli, lakini kuna matabibu waliosomea ngozi. Hapo Moshi tu, ng'ambo ya mpaka, kuna kituo kinachofundisha kazi hiyo tangu 1992, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitali yako siku ya kliniki ya ngozi ni ipi.

Na wavulana, nawaona mnasoma huku mnajifanya haiwahusu. Chunusi zenu mara nyingi ndizo kali zaidi, na hakuna anayewauliza kwa sababu mwanaume hatakiwi kujali uso. Mnakwenda kunyoa kwa wembe mkavu juu ya vipele, mnafunika kwa kofia. Jeli ile ile inafanya kazi kwenu. Haiulizi jinsia.

Mimi kama mtu wa maudhui nimetumiwa ujumbe si mara moja: nipake krimu fulani mbele ya kamera, niseme siku tatu, nilipwe. Kuna wenzangu wanakubali, na sitawahukumu, njaa naijua. Lakini mjue mnachokiona. Yule wa kwenye video ana taa ya duara, ana filta, na pengine ana steroidi. Kikopo kikiisha hatarudi kukuonyesha siku ya nne.

Mdogo wangu leo hana uso wa kioo. Ana alama nyeusi mashavuni ambazo tabibu alisema kwenye ngozi zetu zinachukua miezi kufifia, wakati mwingine hata zaidi ya chunusi zenyewe, na jua linazizidisha. Anavaa kofia pana akienda ufukweni, anapaka losheni ya kuzuia jua tukiwa nayo. Kila mwezi, siku zake zikikaribia, anatokwa na mbili tatu kidevuni. Anaziacha zipite. Madrasa amerudi.

Na kamera aliiwasha. Nilikuwa nimemweleza mama yote kwa sauti ya WhatsApp, akanyamaza siku nzima, nikadhani atasema anatuma krimu ya huko. Jibu lake lilikuja usiku: "Mwambie namtaka vivyo hivyo alivyo. Mimi sikumzaa kwa picha." Nilimpa simu asikilize mwenyewe, nikatoka nje. Chunusi zilikuwa bado zimejaa siku hiyo. Ilikuwa wiki ya pili tu.

Basi leo usiku fanya hivi. Chukua kila tyubu na kila kikopo kilichoko chumbani kwako, au chumbani kwa mdogo wako kwa ruhusa yake, ukigeuze, usome nyuma. Ukiona jina linaloanza na clobeta, au betametha, au hydroquin, au neno lolote la mercury, na hakuna daktari aliyekuandikia, hicho si kipodozi. Ukikuta hakuna maandishi kabisa, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kama umekipaka kwa wiki nyingi, usikitupe ukajikalia kimya na uso unaowaka. Kibebe mkononi, nenda nacho hospitalini, uwaonyeshe. Na usiende peke yako.